Attenborough: jina moja adimu la Kiingereza, lilikotoka na lilikosambaa

Asalaam aleikum, habari za jioni nyote. Waliokaa kule nyuma karibu na mlango sogeeni mbele bwana, viti vipo, na hii spika si ya kuitegemea. Nimeombwa niongelee majina ya ukoo ya Waingereza, na kwa vile tuko hapahapa Leicester nimeona nisizunguke sana, nichukue jina moja ambalo hata watoto wa humu ndani wanalijua, Attenborough. Ndiyo, David Attenborough, mzee wa vipindi vya wanyama kwenye runinga, yule aliyelaliwa na gorila kule Rwanda mwaka 1978.

Ukienda Victoria Park ukatazama upande wa chuo kikuu unaona jengo limesimama kuliko yote, ghorofa 18, lile ndo linaitwa Attenborough Tower. Wengi wanadhani ni la David, au la kaka yake Richard yule wa sinema, kumbe ni la baba yao, Frederick, ambaye alikuwa mkuu wa chuo hiki kuanzia 1932 mpaka 1951, enzi hizo bado ni koleji, na wale vijana wamekulia mlemle ndani ya eneo la chuo. Sasa shikeni hilo la chuo maana baadaye litatusaidia.

Frederick mwenyewe alizaliwa 1887 mahali panaitwa Stapleford, mkoa wa Nottinghamshire, kaskazini ya hapa tu. Na Stapleford ukishuka kuelekea mto Trent, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, unafika kijiji kinaitwa, haya nani atabahatisha, Attenborough. Kijiji kipo mpaka leo, kina kanisa la zamani na mabwawa makubwa yaliyobaki baada ya kuchimba kokoto, sasa ni hifadhi ya ndege, na aliyekuja kuifungua hiyo hifadhi mwaka 1966 ni David huyohuyo. Yaani ukoo umekaa na jina la kijiji kwa mamia ya miaka, alafu mpaka karne ya 19 bado watu wake wanazaliwa umbali ambao unasikia kengele za kanisa upepo ukiwa mzuri.

Hapa kuna kitu watu hukikosea. Tunadhani mtu anaitwa jina la kijiji kwa sababu anaishi pale. Fikirini kidogo, kama wote tunaishi Attenborough, nani atakuita wewe "wa Attenborough"? Haimsaidii mtu yeyote kukutofautisha. Jina kama hilo unalipata ukihama, ukifika kijiji cha tatu ndo wanasema aah, yule Robert aliyetoka Attenborough, maana Robert wako wanne pale. Kwa hiyo majina mengi ya Kiingereza ya mahali ni majina ya watu walioondoka mahali hapo, na mara nyingi hawakwenda mbali. Wapo wataalamu wa majina wanaosema Attenborough lingeweza pia kutokana na mtu aliyekaa karibu na boma au ngome tu, bila kuhusika na kile kijiji, kwa sababu Kiingereza cha zamani kilikuwa na namna hiyo ya kusema "penye boma". Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu kama ni hivyo basi jina lingeweza kuzaliwa sehemu nyingi tofauti, popote penye boma, na watu wenye jina hilo wasiwe ndugu hata kidogo. Utajuaje sasa?

Kabla ya kujibu, turudi nyuma kidogo kwenye hali ya majina yenyewe. Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo tangu mwanzo. Walikuwa kama sisi tu, jina lako, ukibanwa unataja la baba. Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka nchi 1066 matajiri wenye ardhi ndo wakaanza kurithisha jina, kisha polepole likashuka kwa wakulima, mpaka kufika 1400 hivi sehemu kubwa ya Uingereza walikuwa nalo, kusini wakiwa wametangulia na kaskazini wakichelewa. Serikali nayo ilisukuma, maana ukitaka kutoza lazima ujue unamtoza nani. Kuna orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381 (ile ya 1381 ilileta vurugu kubwa mpaka wakulima wakaivamia London, kodi ya kichwa wazee wetu nao wanaijua haihitaji maelezo) na hizo orodha ndo dhahabu ya watu wanaotafuta asili ya majina. Baada ya hapo mwaka 1538 makanisa yakaamriwa kuandika kila ubatizo, ndoa na mazishi, 1837 serikali ikaanza kuandikisha vizazi na vifo, na sensa ya 1881 imeingizwa yote kwenye kompyuta, watu milioni 26 hivi wa England na Wales, kwa hiyo leo unaandika jina na ramani inakuonyesha walikaa wapi.

Ukiandika Smith ramani yote inajaa. Ukiandika Attenborough unaona doa moja zito pale Nottinghamshire na mpakani na Derbyshire, kisha vidoa vidoa, na London wapo. Hao wa London wana habari yao, maana zama za malkia Victoria ukimtajia mtu wa London jina Attenborough hakufikirii wanyama, anafikiria kuweka saa yake rehani. Walikuwa wenye maduka ya rehani na vito. Duka moja lilikuwa kona ya Fleet Street na Chancery Lane, jengo bado lipo, tazameni juu mkipita mtaona sanamu imesimama kwenye kijidirisha chake ukutani, na jina la Attenborough linatajwa na jengo hilo hadi leo. Jina lile lile, nchi ile ile, vizazi vichache tu, limehama kutoka duka la rehani kwenda kwenye runinga.

Sasa kwanini jina linakuwa adimu? Watu wanapenda kusema ni kwa sababu ni la kifahari. Hapana. Mara nyingi ni bahati tupu. Chukua mtu mmoja mwaka 1300 mwenye jina lake peke yake. Akizaa mabinti watupu jina limekwisha hapohapo, hata kama ana wajukuu 30. Akipata mtoto wa kiume mmoja, naye akafa na ile tauni ya 1348 na 1349, limekwisha. Karne ya 19 mtu anaitwa Francis Galton aliliuliza hili kama swali la hesabu, na mwenzake Henry Watson akalifanyia kazi, wakachapisha miaka ya 1870, na kanuni waliyoianzisha mpaka leo inatumika hata kwenye kuhesabu ugonjwa unavyosambaa na fizikia ya nyuklia. Kinachotoka kwenye ile hesabu ni kwamba majina mengi yanayoanza na mtu mmoja yanakufa mapema, na yale machache yanayovuka yanakuwa yote ni uzao wa mtu mmoja aliyebahatika. Adimu kwa hiyo si fahari wala si aibu, ni ukoo uliopona kwenye tundu la sindano.

Na hapa ndo chuo chetu kinaingia. Leicester ndipo Alec Jeffreys alipogundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba, hiyo mnayoiona kwenye kesi za mahakamani na za watoto. Miaka ya baadaye palepale watafiti Turi King na Mark Jobling wakajiuliza, jina la ukoo Uingereza linatoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kromosomu Y, ile sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume tu, nayo inatoka kwa baba kwenda kwa mwana, vitu viwili vinapita njia moja, je, bado vinatembea pamoja baada ya miaka 700? Wakakusanya wanaume 1,678 wa majina 40 na matokeo yakatoka 2009. Wakina Smith na wakina King walikuwa sawa na watu uliowaokota barabarani, hakuna uhusiano. Lakini majina adimu, kina Herrick, Swindlehurst, Ravenscroft, Haythornthwaite (hilo msinilazimishe kulirudia), wengi wao walikuwa na Y zinazofanana. Na Attenborough, karibu 9 kati ya 10 Y yao ni aina moja. Kwa hiyo lile swali la boma limejibika vizuri sana, majina yangekuwa yamezaliwa kwenye maboma mengi usingepata hivyo. Ni mzee mmoja. Na Frederick, yule aliyeongoza chuo chetu, huenda alikuwa mjukuu wake wa mbali, nani angejua.

Utafiti huohuo ulionyesha jambo jingine ambalo mimi lilinifurahisha kuliko yote, kwamba kiwango cha watoto ambao baba wa jina siye baba wa damu kilikuwa kidogo, si zaidi ya mmoja kati ya 25 kwa kila kizazi. Wale wanaopenda kusema Wazungu wa zamani hawajui baba zao, takwimu haziwaungi mkono.

Ila yapo yaliyoshangaza. Timu hiyohiyo mwaka 2007 ilipata mwanaume Mwingereza mweupe, familia yake ya Yorkshire, jina lake la ukoo adimu mno la mashariki ya Yorkshire, jina lenyewe silitaji maana ni watu binafsi. Wakapima Y yake wakakuta ni ya tawi A1, yaani moja ya makundi ambayo wataalamu wanagawia Y za watu duniani. Hilo tawi linapatikana Afrika Magharibi, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuripoti kulikuta kwa mzawa wa Ulaya Magharibi. Wakadhani kuna makosa, si ndiyo? Wakatafuta wanaume wengine wenye jina hilo, wakapata 18, na 7 kati yao wanayo Y ileile. Wakafuata karatasi za makanisa wakaunganisha wale saba kwenye familia mbili zenye wazee wao Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18, na vinasaba vikaonyesha familia hizo mbili zinakutana vizazi vichache nyuma zaidi. Maana yake kuna mwanaume mwenye asili ya Afrika aliingia kwenye ule ukoo zamani sana, na wajukuu wake wamekaa pale Yorkshire bila kujua. Aliingiaje? Njia zipo nyingi, Waafrika wako Uingereza tangu Warumi, palikuwa na kikosi cha askari Wamoor, watu wa Afrika Kaskazini, kwenye ngome ya ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, karne ya 3, kisha biashara ya utumwa ikaleta wengine kuanzia karne ya 16. Na angalieni, ni saba kati ya 18, si wote. Wale 11 wengine wana Y nyingine. Hili linatuonya tusiseme tu jina adimu basi ni damu moja, lazima upime.

Leo jina la Attenborough limefika Australia, Canada, Marekani, kwa uhamiaji wa kawaida. Lakini kwa heshima ya David lipo pia Palawan kule Ufilipino kwenye mmea mkubwa unaokula wadudu, lipo Papua kwa mnyama mwenye miiba anayetaga mayai, aliyenaswa na kamera 2023 baada ya kutoonekana tangu 1961, na lipo kwenye meli ya utafiti inayokwenda Antaktika, ile ambayo wananchi waliipigia kura iitwe jina la mzaha serikali ikakataa. Nadhani hakuna jina dogo kama hili lililotawanyika hivi bila kuzaa watoto wengi.

Sasa sisi. Ndugu zangu, mambo ya 1300 yanatokea humu ndani. Juma Ali Hamisi anaingia Uingereza, Hamisi ni babu yake, ofisi inaandika Bwana Hamisi. Anazaa hapa, mtoto badala ya kuwa Salum Juma Ali anaandikwa Salum Hamisi, na mjukuu atakuwa Hamisi, babu ameganda pale milele. Ndivyo Johnson walivyopatikana, mtoto wa John aligandishwa na karani. Lakini kina Hamisi wako wengi mno na kila mmoja na babu wake, kwa hiyo mtafiti wa mwaka 2700 akija kuwapima wakina Hamisi wa Leicester atapata alichopata kwa Smith, yaani hapati kitu.

Maswali. Ndiyo mama, wewe uliyevaa kitenge. Mama anauliza mbona wanawake hawamo kwenye hadithi yote hii. Swali zuri na nakubaliana nawe, Y haimuoni mwanamke, na mama wa hao Attenborough walitoka vijiji vya jirani na majina kadha wa kadha ambayo rejista za kanisa zinayo lakini ramani haina. Ila nikupe mfano wa hapa mjini. Ile mifupa ya mfalme Richard wa Tatu iliyofukuliwa chini ya maegesho ya magari mwaka 2012, walijaribu njia ya baba, wakapima wanaume watano ambao kwa karatasi ni wa ukoo wake, hakuna hata mmoja aliyelingana naye, mahali fulani mnyororo ulikatika. Kilichomtambulisha ni njia ya mama, vinasaba vinavyotoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kupitia dada yake Anne, binti kwa binti kwa zaidi ya miaka 500 mpaka kwa watu wawili walio hai, na katika mnyororo wote ule jina la ukoo lilikuwa linabadilika kila binti alipoolewa.