Tufundishe Chungu, Tusifundishe Sahani

Walimu wenzangu, wazazi mliofika, wakubwa zangu shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha wanafunzi utamaduni wa makabila yetu kupitia chakula. Nianze na jambo ambalo naomba tuliache: ile meza ya siku ya utamaduni, kila sahani na kikaratasi chake. Wachaga mtori, Wapare makande, Wamaasai maziwa. Watoto wanaonja, wanapigwa picha, wanarudi darasani wakiamini kila kabila lina sahani yake na limefungiwa humo. Utani wa Mpare na makande walikuja nao kutoka nyumbani. Sisi tunaugongea muhuri.

Hebu tuyatazame hayo makande. Mahindi na maharage, vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilianza kuingia huku baada ya Wareno kufika Bahari ya Hindi mwaka 1498. Ndizi nazo zilitoka Asia, zamani zaidi, hata leo huwezi kufikiria kihamba, lile shamba la nyumbani la Mchaga, bila migomba. Ulezi ndio wa kwetu Afrika. Basi ukifika kwenye mbege, pombe ya Wachaga, ndizi za Asia zimekutana na ulezi wa Afrika ndani ya kata moja ya kunywea. Hatutawaonjesha watoto pombe, lakini kuotesha ulezi, kuuanika na kuusaga ni kipindi kizima cha sayansi.

Au wapelekeni Soko la Mbuyuni, hapa hapa Moshi, mkanunue bonge la magadi. Wanafunzi walishike, waone lilivyo zito na la kijivujivu, kisha waulizwe: hili limechimbwa wapi? Mlimani Kilimanjaro hakuna. Magadi yanatoka nchi kavu ya Umaasaini, huko Ziwa Natron. Mama wa Kichaga anayeyatia kwenye shiro ili maharage yaive upesi ana deni la jirani yake wa tambarare. Na zamani kina mama wa mlimani walishuka na ndizi, wakapanda na maziwa, ngozi na magadi. Mtoto akilielewa hilo, atajua makabila haya yalijuana kabla shule haijajengwa.

Kuna swali jingine napenda sana tuwaulize: chakula hiki anapikiwa nani, na lini? Mtori, zile ndizi na nyama zilizochemshwa mpaka zikapondeka, unapikiwa mzazi aliyetoka kujifungua. Uliza hivyo, na mtoto aliyehamia kutoka mkoa mwingine atanyoosha mkono: kwetu mzazi hupewa uji wa pilipili manga. Hapo mwalimu nyamaza kidogo, waache wasimuliane. Tofauti wataiona, na watagundua wenyewe kwamba kila mahali mzazi anatunzwa.

Sasa lililo gumu. Kisusio, ile supu ya Wachaga, kina damu. Mwislamu hali, Msabato hali. Maziwa ya kibuyu cha Kimaasai yananuka moshi, na mtoto wa mjini atakunja uso. Usimlazimishe kuonja, ila usimruhusu kusema "kinyaa" mbele ya mwenzake. Mfundishe kusema: "Ahsante, kwetu hatuli." Halafu mweleze kwamba kibuyu kile kilisuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa mzeituni mwitu, na moshi huo ndio unaosaidia maziwa yasiharibike upesi. Akishajua sababu, kesho yake anaweza kuomba mwenyewe. Asipoomba, pia sawa.

Mtaniuliza vifaa na fedha zitoke wapi. Anzeni na mpishi wa shule. Yule mama anapika makande kwenye sufuria kubwa, anajua maharage yapi yanaiva haraka na yapi yanamaliza kuni, na pengine ameolewa kabila jingine akajifunza mapishi ya ukweni. Mpeni kipindi kimoja asimame ubaoni, wanafunzi wamuulize maswali, na shule imlipe kwa saa hiyo.