Mzee Akisema Hapana: Haki ya Kukataa Huduma katika Nyumba za Wazee Marekani

Ndugu zangu, wengi wenu mna vyeti vya CNA, yaani vya msaidizi wa nesi, na kesho alfajiri mnaingia zamu, kwa hiyo nianze na bafuni. Ugomvi mwingi huzuka huko.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inampa mkazi wa nyumba ya wazee haki ya kukataa matibabu, kushiriki kupanga matunzo yake, na kutofungwa kwa kamba wala kulewezwa dawa ili wafanyakazi wapumue. Kupoteza kumbukumbu hakuifuti haki hiyo. Hata pale mtu mwingine anapoamua kwa niaba yake, matakwa yake mwenyewe lazima yazingatiwe.

Makosa hapa ni mawili. Kumshika mikono watu wawili na kumvua nguo kwa nguvu ni ukatili, hata nia ikiwa usafi. La pili ni kuandika “amekataa” kisha ukapita zako. Hili la pili nalihofia zaidi, kwa sababu linafanana na heshima.

Mzee akikataa kuoga, acha. Vuta kiti ukae, macho yenu yalingane, umuulize kinachomsumbua. Mara nyingi ni baridi, goti linalouma, hofu ya kuanguka, au mama mtu mzima kuona haya kuvuliwa na kijana wa kiume. Kila sababu ina dawa yake. Maumivu, mwombe nesi ampe dawa mapema ili iwe imeshafanya kazi kabla ya kumsogeza. Baridi, pasha bafu joto kwanza, mfunike taulo, ufunue na kuosha kiungo kimoja kimoja. Uso na nywele viwe vya mwisho: maji ya kichwani huwatisha sana wenye ugonjwa wa kusahau. Bado hataki? Rudi baada ya dakika 15 au 20, au aende mwenzako anayemzoea. Kitambaa cha maji ya vuguvugu kitandani nacho ni kuoga.

Kuna kukataa kusikosubiri. Amechomwa insulini ya mlo, kisha amesukuma sahani: mwambie nesi papo hapo, sukari yaweza kushuka vibaya. Amekataa kugeuzwa kitandani: mpe mwinamo mdogo kwa mto, umjulishe nesi, maana ngozi inayokandamizwa muda mrefu hufanya kidonda. Vidonge alivyokataa msimfichie kwenye chakula. Huko ni kumhadaa, na akigundua ataacha kula pia.

Katika kumbukumbu andika muda, ulichompa, maneno yake yenyewe, ulivyomweleza athari, na nesi uliyemjulisha. “Amesema bega linamuuma” humsaidia daktari. “Mkaidi” halimsaidii yeyote.

Akiendelea kukataa, ombeni kikao cha mpango wa matunzo, naye awepo. Mtu aliyeoga jioni maisha yake yote asiamshwe alfajiri kwa ajili ya ratiba yetu. Ratiba ndiyo isogezwe. Na akitaka kulalamika, msaidieni kumpigia “ombudsman”, mtetezi wa jimbo wa wakazi wa nyumba za wazee. Mawasiliano yake lazima yawe yamebandikwa mahali wakazi wanapoweza kuyaona.