Taa Imezimika, Mbona Gari Limekataliwa? Mazungumzo Kuhusu Ukaguzi Kabla ya Kuhuisha Usajili

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Zuhura, na niko na kaka Mussa, fundi wa magari ambaye amewapelekea watu magari ukaguzini kwa miaka mingi. Leo ni ukaguzi wa usalama na moshi, ule unaodaiwa kabla ya kuhuisha usajili wa gari. Mada hii nimeiomba mwenyewe. Mwaka jana gari langu lilikataliwa, na sababu yake sikuwa nimewahi hata kuisikia.

MUSSA: Asante, dada Zuhura. Hebu tusimulie kwanza, maana najua lilikuuma.

ZUHURA: Liliniuma sana. Taa ya injini, ile ya onyo kwenye dashibodi, iliwaka zikiwa zimebaki wiki mbili usajili uishe. Fundi mmoja akachomeka mashine, akafuta ile hitilafu, taa ikazimika. Kesho yake asubuhi nikawa kwenye foleni ya ukaguzi. Breki zikapita, taa za mbele zikapita, matairi yakapita. Wakachomeka kompyuta yao, wakaniambia, "Gari hili halijawa tayari." Nikawauliza, taa haiwaki, hakuna hitilafu inayoonekana, sasa mnanikatalia nini?

MUSSA: Walikuwa sahihi. Na aliyekufutia bila kukueleza hakukutendea haki. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna tundu la kuchomekea mashine. Marekani ililifanya la lazima kwa magari mapya madogo tangu modeli za 1996, na Ulaya ikafuata miaka michache baadaye. Ukichomeka hapo, mashine inasoma mambo mawili. La kwanza ni hitilafu zilizorekodiwa, na hilo wengi wanalijua. La pili ni kama kompyuta ya gari imemaliza kujipima yenyewe.

ZUHURA: Kujipima vipi?

MUSSA: Gari linapotembea, kompyuta inafanya majaribio yake kimyakimya. Inapima masega, yale yaliyoko kwenye bomba la moshi, kama bado yanasafisha. Inapima sensa za oksijeni. Inaangalia kama mvuke wa petroli unavuja kutoka kwenye tangi. Kila jaribio likiisha, inaweka alama kwamba limekamilika. Ukifuta hitilafu, unafuta na alama zote. Kwenye magari mengi hata kuchomoa betri kunafanya hivyohivyo. Fikiria mwanafunzi ambaye daftari la maksi zake limechomwa. Hajafeli, lakini hana matokeo ya kuonyesha. Ndivyo gari lako lilivyokuwa asubuhi ile.

ZUHURA: Kwa hiyo wakaguzi waliona kwamba kumbukumbu imefutwa jana yake.

MUSSA: Waliona kwamba majaribio hayajakamilika, na maana yake mara nyingi ni hiyo. Kwa magari ya petroli ya mwaka 2001 na kuendelea, majimbo mengi ya Marekani yanavumilia jaribio moja tu ambalo halijaisha. Yakiwa mawili, unarudi nyumbani.

ZUHURA: Na mtu ambaye ametengeneza kwa haki, akabadilisha sensa iliyokufa, halafu fundi akafuta hitilafu kama kawaida ya kazi? Naye atakataliwa.

MUSSA: Atakataliwa akienda siku hiyohiyo. Aliendeshe kwanza, siku kadhaa, na si safari za dakika tano tano. Liwashwe likiwa limelala usiku kucha, injini baridi kabisa. Lipite kwenye barabara za kusimama na kuondoka, kisha barabara ndefu kwa mwendo usiobadilika, kisha mguu utoke kwenye mafuta lipunguze mwendo lenyewe. Na tangi lisiwe limejaa wala lisiwe karibu tupu, kwa sababu jaribio la mvuke kwa kawaida halianzi hali ikiwa hivyo. Hilo la mafuta limewarudisha watu wengi mara ya pili bila wao kujua kwa nini.

ZUHURA: Mimi ilinichukua siku nne. Na hitilafu yenyewe ikarudi siku ya tatu, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimetengenezwa. Ilikuwa sensa ya oksijeni. Ningeibadilisha siku ya kwanza, ningelipia mara moja.

MUSSA: Na afadhali taa yako iliwaka tu. Ikiwa inapepesa, inawaka na kuzima, hilo ni jambo la kusimama. Maana yake silinda fulani haichomi, petroli mbichi inatiririka hadi kwenye masega na kuungulia humo. Masega yanapata joto kali mpaka yanayeyuka ndani. Plagi moja au koili moja ndiyo ilikuwa mbovu. Sasa umeua kifaa ambacho ndani yake kuna madini ya thamani: platinamu, paladi na rodi. Ndiyo maana yanaibiwa pia.

ZUHURA: Hebu waeleze wasikilizaji kazi ya masega, kwa sababu wapo wanaoambiwa wayatoe gari lipate nguvu.

MUSSA: Ushauri huo unanikasirisha, nasema wazi. Injini ya petroli inatoa gesi tatu mbaya. Kuna monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inaishika damu mara mia mbili na zaidi kuliko oksijeni inavyoishika. Kuna mabaki ya petroli ambayo hayakuungua. Na kuna oksidi za naitrojeni, zinazowasha mapafu. Masega ni kipande chenye vitundu vyembamba kama sega la nyuki, ndiyo asili ya jina. Moshi ukipita mle, zile gesi zinageuzwa kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na naitrojeni ya kawaida. Mtu akiyatoa, hewa ile inavutwa na mtoto aliyesimama kando ya barabara. Dereva amekaa mbele, moshi unatokea nyuma, haoni alichofanya.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapoona ukaguzi wa moshi na ukaguzi wa usalama si kitu kimoja, ingawa vinafanywa siku moja.

MUSSA: Tofauti kabisa. Breki mbovu zinaweza kukuumiza wewe na aliye mbele yako, na kwa kawaida unazisikia: zinalia, pedali inazama. Gari linalotoa moshi mchafu linaweza kukupeleka vizuri kazini miaka mitano. Huna sababu ya kulishughulikia, ila mtu akikulazimisha.

ZUHURA: Niseme kitu ambacho huenda usikipende, kaka. Wapo wanaosema ukaguzi wa usalama umepitwa na wakati. Jimbo la Texas, Marekani, waliuondoa tangu tarehe 1 Januari 2025 kwa magari yasiyo ya biashara. Hoja yao ni kwamba magari ya sasa ni imara, na mwenye gari anapoteza muda na fedha.

MUSSA: Naijua. Na angalia walichobakiza. Kwenye kaunti za miji mikubwa, upimaji wa moshi umebaki sharti la kuhuisha usajili. Hata walioondoa upande mmoja hawakuthubutu kuondoa mwingine.

ZUHURA: Lakini hoja yenyewe unaikubali?

MUSSA: Siikubali. Gari jipya, sawa, lipewe muda. Japani na Ujerumani zinaliacha gari jipya la binafsi miaka 3 kabla ya ukaguzi wa kwanza, kisha kila miaka 2. Uingereza nao ni miaka 3 ya kwanza, halafu kila mwaka. Na historia yao inafundisha: walipoanza mwaka 1960, walikagua magari yaliyofikisha miaka 10 tu, wakitazama breki, taa na usukani. Kufikia 1967 walikuwa wameshusha umri hadi miaka 3. Nimewahi kufungua tairi la gari la miaka 6, linang'aa nje, na pedi ya breki ya ndani imebaki chuma kitupu. Mwenyewe hakuwa na habari, kwa sababu pedi ya nje ilikuwa nzima na ndiyo aliyokuwa akiiona.

ZUHURA: Basi tugusie usalama. Watu wanarudishwa kwa nini hasa?

MUSSA: Vitu vidogo kuliko wanavyodhani. Balbu ya breki iliyoungua. Waipa zilizokatika. Washa taa zote, mtu mwingine azunguke gari, dakika tatu zimetosha. Kwenye breki mashine inazungusha magurudumu juu ya rola na kupima nguvu ya kila upande, kwa hiyo breki inaweza kushika vizuri na bado ukakataliwa kwa sababu kulia kunazidi kushoto. Gari la hivyo likifunga breki ghafla kwenye maji, linavuta upande. Boljointi na tairodi, yaani viungo vinavyoshika na kugeuza magurudumu, wanazitikisa gari likiwa juu.

ZUHURA: Matairi?

MUSSA: Hapo nikae kidogo. Nchi nyingi, zikiwemo za Ulaya, zimeweka kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6. Ndani ya mifereji kuna vijinundu vya mpira, tairi likilika hadi usawa wake, limekwisha. Watu wanatazama katikati na ukingo wa nje. Geuza usukani hadi mwisho, tazama ukingo wa ndani. Gari ambalo alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, imepotea linakula tairi upande wa ndani hadi nyuzi zinatokeza, na ukisimama kando unaona tairi zima. Halafu soma umri. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa alama ndefu. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye mifereji mirefu na nyufa ubavuni limezeeka, hata kama halijatembea.

ZUHURA: Turudi kwenye moshi. Msikilizaji ana gari la dizeli, anasema limepita kila mwaka, lakini alilinunua likiwa limeshatolewa filta ya masizi. Linapitaje?

MUSSA: Kwa sababu ya kipimo chenyewe. Kipimo cha zamani kinapitisha mwanga kwenye moshi na kuangalia umezibwa kiasi gani. Masizi ya injini za kisasa ni madogo mno, mwanga unapita. Ubelgiji mwaka 2022, kisha Uholanzi na Ujerumani mwaka 2023, wakaanza kutumia mashine zinazohesabu chembe zenyewe. Gari lisilo na filta mbele ya mashine hiyo halina pa kujificha. Ningemshauri airudishe sasa. Na asijione amepona kwa sababu ya cheti. Mwaka 2015 dunia nzima iliona magari ya dizeli ya Volkswagen yapatayo milioni 11 yakiwa na programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo. Likiwa pale linasafisha moshi, likitoka barabarani linaacha. Makaratasi yalikuwa safi, na hewa ilikuwa chafu.

ZUHURA: Kwa macho tu, bila mashine, mtu anaweza kujua?

MUSSA: Kwa kiasi. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: anza na filta ya hewa, kisha noseli. Wa bluu ni oili inaungua, na hapo gharama ni ya injini yenyewe. Mweupe usiokwisha injini ikiwa moto, na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Ila monoksidi ya kaboni huioni, kwa hiyo moshi usioonekana haumaanishi umepita.

ZUHURA: Na siku yenyewe?

MUSSA: Usiende na injini baridi. Masega hayafanyi kazi sawasawa mpaka yafike karibu nyuzi joto 300. Endesha dakika ishirini kabla, na ukiwa kwenye foleni ndefu usilizime likapoa. Na usingoje wiki ya mwisho. Uingereza unaweza kupima mwezi mmoja kasoro siku moja kabla cheti hakijaisha, na tarehe yako ya mwaka ujao inabaki ileile. Uliza kama mnakosajili kuna nafasi kama hiyo, maana ukikataliwa bila muda, unaendesha gari lisilo na usajili hai, na hata bima inaweza kukugeuka.

ZUHURA: Swali la mwisho, la dada mmoja anayetaka kununua gari lililotumika. Muuzaji amemwonyesha cheti cha ukaguzi cha wiki iliyopita. Kinatosha?

MUSSA: Amuulize kama walimpa na karatasi ya maoni, ile inayotaja vilivyopita lakini vimekaribia kuisha. Wauzaji wengi wanaonyesha cheti na kuificha hiyo. Amwambie asiliwashe kabla hajafika, aliguse boneti likiwa baridi, kisha liwashwe mbele yake. Swichi ikifunguliwa kabla injini haijawaka, taa ya injini lazima ionekane kwa muda kisha izimike. Isipoonekana kabisa, huenda balbu imechomolewa. Halafu achomeke mashine, atazame yale majaribio. Akikuta yote hayajakamilika, na muuzaji anasema gari linatumika kila siku, aulize nani kafuta, lini, na alifuta nini.

ZUHURA: Dada, umesikia. Ukikuta hayajakamilika, tuandikie kabla hujalipa.