Mionzi ya Jua na Viumbe Wachanga wa Baharini

Walimu, wanafunzi, na mafundi friji mliotoka Mwanjelwa, karibuni.

Sisi wa Mbeya tunajua kwamba baridi ya Juni haizuii jua kuunguza ngozi. Joto ni kitu kingine, mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ni kitu kingine. Hapa tupo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Leo nawateremsha pwani, maana wengi hudhani aliye majini amekingika. Maji ya tope huizuia mapema, ni kweli, ila maji maangavu ya kwenye matumbawe huipitisha mita nyingi.

Wanaoumia zaidi ni wachanga: mayai na viluwiluwi vya chaza, konokono, jongoo bahari, na yule mnyama wa mviringo mwenye miiba anayechoma nyayo za wavuvi maji yakipwa (kwa Kiingereza sea urchin). Miili yao ni myembamba, haina rangi ya kuwakinga. Mionzi hufika hadi kwenye DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, na kugandisha pamoja sehemu zilizopaswa kuachana, na seli huchelewa kugawanyika.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kiluwiluwi aliyepigwa na mionzi anaweza kuendelea kuogelea na kula, ukamwona mzima kabisa. Anapogeuka kuwa na umbo la mkubwa ndipo anadumaa, au anakufa, siku nyingi baada ya jua lile. Mtafiti anayehesabu waliokufa jioni ileile ataandika kwamba hakuna madhara. Hesabu ya namna hiyo mimi siikubali.

Kinga wanazo. Kimeng'enya kimoja hutumia mwanga wa buluu kurekebisha DNA iliyoharibika. Nyingine ndiyo inayonivutia zaidi: huyu wa miiba hujipatia kizuia mionzi kwa kula mwani, na mama hukiweka ndani ya mayai. Waliolishwa mwani mwekundu wenye kinga hiyo, mayai yao yalistahimili vizuri zaidi. Mwani ukipungua, kizazi ambacho hakijazaliwa kinakosa kinga.

Juu angani, tabaka la gesi ya ozoni ndilo linalochuja mionzi hii, na gesi za friji za zamani huliharibu. Tundu la ozoni liliripotiwa mwaka 1985, Mkataba wa Montreal wa kudhibiti gesi hizo ukafuata 1987, na tabaka linapona polepole. Lakini gesi hizo hukaa angani miongo mingi. Kwa hiyo, mafundi, friji kuukuu ikija mezani, gesi yake ivutwe kwenye mtungi, isifunguliwe hewani.