Kusia mbegu za asili shambani: kazi huanza kabla ya mbegu

Mabibi na mabwana,

Anayetaka kurudisha miti na vichaka vya asili kwenye shamba lililochoka ana njia mbili. Ya kwanza ni kitalu, viriba, miche na mashimo. Ya pili ni kusia mbegu papo hapo zitakapokulia. Leo nasema juu ya hii ya pili, kwa sababu wengi waliojaribu waliiharakisha, wakaambulia nyasi, wakaiacha. Inaniuma, maana ni njia nzuri. Mti ulioota pale pale hupeleka mzizi wake mkuu chini bila kujikunja kwenye kiriba, na kwenye eneo kubwa gharama hushuka sana.

Mbegu nyingi zitakufa, tukubaliane mapema. Lakini muuaji mkubwa mara nyingi ni nyasi, hata pale mvua inaponyesha vizuri. Shamba lililolimwa miaka mingi limejaa mbegu za magugu, na mbolea iliyobaki udongoni huyanufaisha hayo kuliko mimea ya asili, ambayo mingi imezoea udongo maskini. Mche wenye majani mawili hauwezi kushindania maji na nyasi zilizokwisha kuota mizizi. Kwa hiyo anza mwaka mmoja kabla: ua magugu, yaache yaote tena, yaue tena kabla hayajatoa mbegu. Wengine hukwangua sentimita chache za udongo wa juu, wakaondoa mbegu za magugu pamoja na mbolea yenyewe. Mkisahau yote niliyosema leo, hili msilisahau.

Sasa mbegu. Za akasia zina ganda gumu lisilopitisha maji. Chemsha maji, yaepue, tumbukiza mbegu, ziache zilale humo. Asubuhi zilizokubali zitakuwa zimevimba, ukizibonyeza kwa ukucha ni laini. Zilizobaki ndogo na ngumu zirudie. Mbegu za mikaratusi, ambayo kwao Australia ni miti ya asili, ni ndogo mno: hukaa juu ya udongo, ukizifukia sana zimekwisha. Mbegu za mimea mingine husubiri moshi wa moto ndipo ziote. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walitambua kemikali ya kwenye moshi inayoziamsha, ambayo baadaye iliitwa karikini.

Huko Brazili, eneo la mto Xingu, kuna mtandao wa wakusanya mbegu ulioanza mwaka 2007, wakiwemo wenyeji wa asili wa misitu ile. Mbegu za miti ya aina nyingi huchanganywa na mchanga na mbegu za jamii ya kunde kama mbaazi, kisha humwagwa pamoja. Mchanganyiko huo huitwa muvuca. Mbaazi hukua upesi, hufunika udongo na kuzinyima nyasi jua, kisha hufa na kuiachia nafasi miti iliyokuwa chini yake. Naona hapo akili kubwa ya kilimo.

Mifugo izuiwe; hilo halina mjadala. Sisimizi nao hubeba mbegu, basi ongeza kiasi.

Na msimu wa kwanza ukiona vichipukizi vichache, usilete trekta. Mbegu ngumu zingine zingali udongoni, na zinaweza kuota mwaka wa pili au wa tatu. Kagua shamba kwa kuinama, maana mche wa miezi mitatu hauonekani ukiwa umesimama.