Kuyeyusha Manyoya ya Kuku kwa Vimeng'enya vya Bakteria

Ndugu wasikilizaji, unyoya huu nilioushika ni protini kwa takriban asilimia 90, na karibu yote ni keratini, protini ngumu ya manyoya. Mbona basi kuku akilishwa manyoya mabichi hayamfai kitu? Nyuzi za keratini zimefungwa pamoja kwa viungo vya salfa, na vimeng'enya vya tumboni havivifungui.

Bakteria anayejulikana sana kwa kazi hii ni Bacillus licheniformis. Mwaka 1990 watafiti wa North Carolina, Marekani, walieleza aina yake ya PWD-1, waliyoipata katika mtambo wa kuozesha kinyesi cha kuku. Hutoa kimeng'enya kiitwacho keratinasi, kinachomeng'enya keratini.

Osheni manyoya mpaka damu na mafuta yatoke, yakausheni, yakateni vipande. Kwa lita moja ya maji tieni gramu 10 za manyoya, nusu gramu ya chumvi, fosfati za potasiamu gramu 0.7 na chumvi ya magnesi kidogo. pH iwe 7.5. Sukari msiweke: bakteria akipata glukosi hupunguza kutoa kimeng'enya. Kisha ueni vijidudu kwa mvuke wa nyuzi joto 121. Mvuke huo peke yake hulegeza manyoya, kwa hiyo wekeni chupa ya pili isiyotiwa bakteria, la sivyo mtampa bakteria sifa ya moto.

Chupa ya kwanza ikipoa itieni bakteria, kisha tikiseni chupa zote kwenye nyuzi joto 37 hadi 45, na muache nafasi kubwa juu, maana povu hupanda hadi kulowesha kizibo cha pamba, na uchafu hupitia hapo hapo. Vinyuzi vya pembeni hutoweka kwanza, uti ukabaki mtupu kama sindano. Nao baadaye hulainika. Harufu ya amonia ikizidi na pH ikipita 8, bakteria anakula asidi amino mlizozitaka, yaani vipande vinavyojenga protini. Anayetengeneza chakula cha mifugo asimamishe mapema, kisha aongeze asidi amino za lisini na methionini, kwani manyoya yana upungufu wa hizo.

Msishangae mkichuja kimeng'enya, mkakimimina juu ya manyoya mapya, yasiyeyuke. Seli hai ndizo zilizokuwa zikifungua salfa. Bila hizo, ongezeni salfaiti ya sodiamu kidogo ili ivifungue viungo hivyo.

Matumizi ya kimeng'enya hiki ninayoyathamini zaidi ni kutoa nywele kwenye ngozi za wanyama, kwa sababu yanapunguza salfaidi ya sodiamu, kemikali inayotumika kwa kazi hiyo, ambayo ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua wafanyakazi. Ila kwanza pimeni kimeng'enya chenu juu ya kolajeni, protini inayoijenga ngozi yenyewe. Kikiila, ngozi itatoka na uso uliochimbika.