Goti la Marx na simu aliyopigiwa Pollard

Makocha wenzangu, asanteni kwa kunialika. Naanza na swali, mnijibu kwa kunyoosha mkono. Mko Ufaransa, Kombe la Dunia la raga, Septemba 2023. Mmecheza mechi moja tu. Huka wenu, yule namba mbili anayerusha mipira ya pembeni, tena mmoja wa walio bora duniani, anaumia goti mazoezini na mashindano yanamwishia hapo. Mnaruhusiwa kumwita mtu mmoja kuziba nafasi yake. Nani angemwita huka mwingine?

Naona karibu ukumbi mzima. Hata mimi ningenyoosha.

Afrika Kusini walimwita namba kumi, yule mwongoza mchezo na mpiga mateke. Malcolm Marx akatoka, akaingia Handré Pollard, ambaye kwenye orodha ya kwanza alikuwa ameachwa kwa sababu ya kigimbi. Kocha mkuu alikuwa Jacques Nienaber, na Rassie Erasmus alikuwa mkurugenzi wa raga. Walijua hesabu yao: kati ya watu 33, huka wa kazi sasa alibaki Bongi Mbonambi peke yake. Wa kumpokea alikuwa Deon Fourie, flanka, yaani fowadi wa ubavuni, aliyewahi kucheza namba mbili miaka ya nyuma.

Waliogopa nini? Mateke. Namba kumi wao, Manie Libbok, anaufungua mchezo kwa namna ambayo Pollard haiwezi, lakini mipira yake ya kulenga nguzo ilikuwa inapotea. Kabla Pollard hajacheza hata dakika moja, Ireland wakawapiga 13-8 mjini Paris, na mateke yaliyokwenda nje siku ile yangetosha kugeuza matokeo.

Ndiyo maana huwa nabishana na wanaosema uteuzi ni kuchagua walio bora. Bora kwa kazi gani? Kila jina unaloliandika linaacha tundu mahali fulani, na kocha ndiye anayeamua tundu lipi anaweza kulala nalo usiku.

Angalieni benchi lao. Akiba ni wanane, na desturi ni mafowadi watano, wale wa kusukumana, na mabeki watatu, wale wa kukimbia. Mwaka 2019 kule Japani Erasmus alipanga sita kwa wawili, fowadi wapya wakaingia kipindi cha pili wakiwa na pumzi zote, wakaitwa kikosi cha mabomu, na kombe likaja. Agosti 2023, uwanja wa Twickenham jijini London, wakaenda saba kwa mmoja na kuwachapa New Zealand 35-7, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya All Blacks. Watu wakadhani sasa ni dini. Wapi! Robo fainali na nusu fainali walirudi kwenye tano kwa tatu, na Pollard akapata kiti. (Huku kwetu, ambako klabu yenye mapropu wanne, wale fowadi wa mstari wa mbele, inamshukuru Mungu, saba kwa mmoja msiiguse.)

Nusu fainali dhidi ya Uingereza, mvua inanyesha, dakika ya 31 Libbok anatolewa. Hajaumia. Dunia nzima inamtazama akitembea kwenda kukaa. Wakati fulani walikuwa nyuma 15-6. RG Snyman akafunga trai ya pointi tano, Pollard akaongeza mbili kwa teke, halafu dakika ya 78 akapiga penalti ya mbali sana na kuwavusha 16-15. Kwa fainali, Libbok hakuwemo hata katika wale 23.

Nilipokuwa nafundisha klabu niliwahi kubandika majina ukutani na kwenda zangu kunywa chai, ili nisitazamwe usoni. Namba tisa mmoja aliisoma ile karatasi, akachukua begi lake, na hatukumwona mazoezini mwezi mzima. Hakuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimebadilisha mtindo wa kucheza na sikumwambia. Kwa hiyo ninapomwona Libbok akienda benchi, swali langu ni aliambiwa nini tangu Jumatatu, kabla hata ya penalti ile.

Fainali dhidi ya New Zealand, tarehe 28 Oktoba, wakarudi saba kwa mmoja. Dakika tano hazijatimia, Mbonambi yuko chini na hainuki kuendelea. Lile tundu la Septemba! Fourie, miaka 37, akabeba namba mbili mechi iliyobaki yote, na mipira ya kurusha kutoka pembeni ikawasumbua kweli. Upande wa pili wa hesabu, Pollard alifunga pointi zote za timu yake. Ikaisha 12-11.

Jordie Barrett wa New Zealand alikuwa na penalti ya kuigeuza dakika za mwisho, akaikosa. Angeipata, leo hii ningekuwa hapa nawaeleza jinsi makocha wawili walivyotupa Kombe la Dunia kwa kukataa kumwita huka.

Sasa nyinyi mlionyoosha mikono, nataka kuwasikia. Bado sina hakika kama mlikosea.